Kwa Kijana wa Kapsoit Anayetaka Kwenda Majini

Wajukuu zangu, nasikia baadhi yenu mnangoja usajili wa Jeshi la Ulinzi la Kenya (KDF), na kila mmoja anajiona tayari kashika bunduki. Kaeni niwape habari za meli moja ndogo.

Iliitwa Mvita. Waingereza waliiunda miaka ya 1950 kwa jina la Bassingham, na mwaka 1958 ikakabidhiwa Jeshi la Wanamaji la Kifalme la Afrika Mashariki, makao yake Mombasa. Iliundwa kuondoa mabomu yaliyotegwa baharini, tena katika maji ya kina kifupi. Ilikuwa ya mbao, maana yapo mabomu yanayolipuka meli ya chuma ikipita karibu. Mengine hufungwa mnyororo chini, yakaelea ndani ya maji, hayaonekani. Meli ya kazi hiyo hukokota waya wenye makali; mnyororo ukikatika, bomu huibuka na baharia hulipiga risasi akiwa mbali. Kisha hupita tena sambamba na pale ilipopita, kutwa nzima, mpaka njia iwe salama kwa meli za mizigo.

Msidhani hayo ni ya watu wa pwani tu. Chai tunayochuma huku milimani hupitia mnada wa Mombasa, ikapakiwa bandarini Kilindini, na Misri ni miongoni mwa wanunuzi wetu wakubwa. Mwaka 1984 mabomu yalitegwa katika Bahari ya Shamu, njia ya meli zetu kwenda huko Misri, na meli kadhaa za biashara zikaharibika. Wanamaji wa mataifa mbalimbali walikwenda kuyasaka. Nani kati yetu aliwahi kuwashukuru? Kazi yao ikifanikiwa, meli inapita na hakuna wa kusimulia. Mimi naiona ni kazi ya heshima kuliko gwaride lolote.

Jeshi lile la Mvita lilivunjwa mwaka 1962. Kenya ikaanzisha lake Desemba 1964, na kambi yake kuu iko Mtongwe. Ukifika huko ukapelekwa kwenye mitambo, au kwa wapiga mbizi, usinung'unike kwamba umenyimwa cheo. Jifunze kazi hiyo hadi wenzako wakutegemee.

Na yeyote anayekuahidi barua ya kuitwa jeshini ili baba yako auze ng'ombe, mkimbie, usajili haulipiwi. Badala yake, anza sasa kujifunza kuogelea, kwenye bwawa lenye mwalimu. Mtoni usijaribu peke yako.