Fundi Akianguka, ni Mapenzi ya Mungu?



Kuna neno tunalisema haraka sana msibani: "Kazi ya Mungu haina makosa." Saidia fundi alikuwa anapiga lipu ghorofani, mirunda ikaachia, akaanguka. Basi, tunachanga, tunazika, kesho kazi inaendelea. Naamini kabisa kwamba uhai wetu uko mikononi mwa Mungu. Lakini najiuliza: ile mirunda iliyofungwa kwa kamba iliyooza, ni Mungu aliyeifunga?

Soma Kumbukumbu la Torati 22:8. Anayejenga nyumba mpya anaagizwa aweke ukingo juu ya dari, ili mtu akianguka, damu isihesabiwe juu ya nyumba ile. Ona hapo: anayeambiwa ni mwenye nyumba, na anaambiwa kabla mtu hajaanguka.

Mtakatifu Thomas wa Akwino anatoa mfano wa nahodha. Akiacha kuongoza chombo na kikazama, kuzama huko kunahesabiwa kwake. Yaani kutotenda nako ni tendo letu, pale tunapoweza kutenda na tunapaswa kutenda.

Utasema: "Lakini fundi ni mtu mzima, alikubali mwenyewe." Ni kweli, naye ana wajibu wa kuutunza uhai wake. Ila alikubali kufanya kazi, hakukubali kufa. Na mtu anayechagua kati ya kupanda juu na watoto kulala njaa, uhuru wake ni mdogo kuliko tunavyojifariji.

Tanzania tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, inayompa mwajiri wajibu wa kulinda wafanyakazi. Lakini nyumba zetu nyingi zinajengwa kwa mapatano ya mdomo, na kila mtu anasema, "Mimi siyo mwajiri." Sheria ikikosa wa kumshika, dhamiri bado inajua aliyesema "pandeni hivyo hivyo, hela imeisha" ni nani.

Mnara wa Siloamu ulipoua watu 18, Yesu hakuwatafutia marehemu dhambi. Aliwageukia waliobaki hai, akawaita watubu. Kwetu sisi, toba inaweza kuanzia kwenye bajeti: pesa ya jukwaa imara itengwe kabla ya pesa ya vigae, hata tunapojenga nyumba ya padre kwa kujitolea.

Kwenu wanajenga? Leo uliza jukwaa limefungwa na nini.

Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, utuombee.