Kichwa cha Mtoto si Kibaba

Wazazi wengi huku Ugogo hutuambia sisi walimu neno hili: "Mwanangu sisemi naye Kigogo, nisije nikamchanganya. Kiswahili ndicho kitakachomfaa shuleni." Hawasemi hivyo kwa kumchukia mtoto, bali kwa kumpenda. Walakini yatupasa kuuliza: je, neno hilo ni kweli? Na kama si kweli, ni haki kumnyima mtoto lugha ya bibi yake?

Wafikirio hivyo hudhani kichwa ni kama kibaba: kikiisha kujaa mtama, uwele utamwagika. Wataalamu wa ubongo hawakuona hivyo. Mwaka 1861 daktari Paul Broca wa Ufaransa alimwona mgonjwa aliyefahamu mengi aliyoambiwa, lakini hakuweza kutamka ila "tan" tu. Alipokufa, ubongo wake ulionekana umeharibika upande wa kushoto, sehemu ya mbele. Mwaka 1874 Carl Wernicke, Mjerumani, alieleza habari za mahali pengine, nyuma ya hapo: pakiharibika, mtu husema maneno mengi yasiyoeleweka, wala hafahamu vema aambiwayo. Basi lugha ni kazi ya sehemu nyingi zisaidianazo. Tena mwenye lugha mbili hana vyumba viwili vilivyotengwa kwa ukuta. Kwa sehemu kubwa, mahali pale pale hutumika kwa zote mbili. Asemapo Kiswahili, Kigogo chake hakilali. Ki macho, na ubongo wakizuia kisitoke kinywani.

Kazi hiyo mtoto huifanya kila siku. Humwamkia bibi yake "Mbukwenyi," kisha hugeuka akamwambia mwalimu "Shikamoo." Huyo hakuchanganyikiwa. Akitia neno la Kigogo katika Kiswahili, mara nyingi aazima tu, kama sisi wazee tuazimavyo. Ni kweli, huenda mwanzoni maneno yake ya Kiswahili yakawa machache kuliko ya mwenziwe mwenye lugha moja. Lakini ukiyahesabu ya lugha zote mbili pamoja, kwa kawaida hapungukiwi.

Hatusemi Kiswahili kiachwe, hasha. Tangu mwaka 1973, ilipoamuliwa Dodoma iwe makao makuu ya nchi, watu wa makabila mengi wamekuja kukaa kwetu, na pasipo Kiswahili tungesikilizanaje? Lakini kupokea mgeni si kumfukuza mwenyeji.

Nasi walimu hatuna budi kuungama. Tuliwahi kuwaadhibu watoto kwa kusema Kigogo uwanjani. Tulidhani twapalilia shamba, kumbe twang'oa mtama pamoja na magugu. Baadaye tulimwona mmoja wa watoto wa mjini akiletwa kijijini kwa bibi yake aliyekuwa mgonjwa. Bibi alimshika mkono akasema naye kwa muda mrefu, na mtoto akamtazama mjomba wake amfasirie. Mjomba akasema, "Anakubariki." Bibi alikuwa amesema mengi, na mtoto alipata neno moja.

Enyi wazazi, lugha hukua kwa kusikiwa na kusemwa, nayo isiposemwa hudhoofika. Semeni na watoto wenu Kigogo mezani, shambani na njiani. Kiswahili watakipata shuleni na sokoni. Kigogo watakipata wapi, msipowapa ninyi?