Nyumba ya Mtu Aliyekimbia

Wazee walisema: Nyumba njema si mlango. Maana yake, usiisifu nyumba kwa kutazama uso wake. Fungua, uingie, utazame ndani. Leo nataka tuitumie methali hii kwa swali ambalo Wakristu wengi wa Masisi na Walikale wameniuliza, wengine wao kwa siri: Je, yafaa Mkristu anunue nyumba mbovu iliyoachwa na mtu aliyekimbia vita, aitengeneze, akae humo kwa amani?

Wako wanaojibu upesi. Mmoja asema: «Ni haramu kabisa, kitu cha mkimbizi kisiguswe.» Mwingine asema: «Karatasi ipo, fedha imelipwa, mashahidi wapo, neno limekwisha.» Majibu hayo yote mawili ni mlango tu. Basi, tuingie ndani.

Jambo lenyewe

Mwezi wa Februari mwaka 2025 kambi za wakimbizi zilizouzunguka mji wa Goma, kama Bulengo na Lushagala, zilivunjwa. Watu maelfu na maelfu walirudi upande wa Sake na milima ya Masisi, mizigo kichwani. Miongoni mwao ilikuwamo jamaa moja ninayoijua vema: baba, mama, watoto watano, na bibi mzee. Walipofika kijijini, mahali pa nyumba yao palikuwa majivu. Na mvua ya Machi haimngojei mtu.

Karibu na hapo palisimama nyumba ya mbao, ama tuseme mifupa ya nyumba. Mabati yameibwa yote, milango imechomwa kuni, mbao za chini zimeoza, majani yameota mpaka chumbani. Mwenyewe ni mama mjane. Mwaka uliotangulia alikimbia na watoto wake kwa njia ya Nyabiondo, akaelekea Walikale. Basi shemeji yake akajitokeza, akasema: «Mimi ni ndugu wa marehemu. Naweza kuuza.» Bei aliyoitaja ilikuwa ndogo, bei ya ng'ombe mmoja. Yule baba akakusanya akiba yake na ya ndugu zake, akalipa. Karatasi ikaandikwa, na mashahidi watatu wakatia sahihi.

Mmoja wa mashahidi hao ni mimi niandikaye maneno haya. Niliuliza bei. Niliuliza mipaka ya kiwanja. Lakini sikuuliza: «Mwenyewe yuko wapi, naye asemaje?» Nililiona turubali la wale watoto likivuja maji, nikaona huruma, nikatia sahihi. Huruma ni njema, lakini huruma isiyouliza maswali humhurumia aliye mbele ya macho kwa mali ya yule asiyeonekana.

Wakatengeneza muda wa miezi miwili. Mafundi wa kijiji walikata mikaratusi wakapasua mbao mpya. Mabati yakanunuliwa machache machache. Watoto walibeba mawe ya msingi. Siku moja mama alikuwa akilima nyuma ya jiko ili apande mboga. Jembe likagonga mawe yaliyopangwa. Akaondoa majani, akaona kaburi fupi, kaburi la mtoto, na msalaba mdogo wa mti ulioanguka. Jioni akamwambia mumewe: «Baba watoto, mtu hauzi kaburi la mwanawe kwa bei ya ng'ombe mmoja. Mama huyu hajauza.»

Kesho yake wakaja kwangu wote wawili. Mama akaniuliza: «Mwalimu, tumefanya dhambi?»

Kutengeneza ni kazi njema

Kwanza tulishike lililo hakika. Kununua nyumba iliyoharibika na kuitengeneza si kosa. Ni kazi njema. Vita hubomoa katika siku moja yale ambayo mikono ilijenga miaka mingi. Naye apigiliaye bati juu ya nguzo tupu afanya kinyume cha vita. Zaidi ya hayo, nyumba isiyokaliwa hufa. Mvua ikiingia mwaka mmoja, mbao zaoza. Ikiingia miaka miwili, hata mwenyewe akirudi hakuti kitu. Basi jamaa ile haikukosa kwa kutafuta mahali pa kulala, wala kwa kutengeneza. Kama kosa lipo, lipo mahali pengine.

Ni nani auzaye?

Hapo ndipo pa kuuliza. Sheria ya mapatano iliyotolewa tarehe 30 Julai 1888, ambayo mpaka leo ni msingi wa mapatano katika nchi yetu, yasema wazi kwamba kuuza kitu cha mtu mwingine ni bure, hakuna mauzo. Yasema tena kwamba ukubali uliopatikana kwa kosa, kwa hila au kwa kutishwa si ukubali. Nayo sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 yasema kwamba ardhi ni mali ya Taifa. Mtu hupewa haki ya kuitumia tu. Kwa hiyo anunuaye nyumba kijijini hununua hasa mbao, mabati na jasho la mtu. Na jasho la mtu haliuzwi na shemeji.

Huenda utasema: «Lakini chifu alipiga muhuri.» Ndugu, muhuri ni ushuhuda wa lililofanyika. Haugeuzi lisilo haki kuwa haki. Masisi imejifunza jambo hili kwa machozi. Mwezi wa Novemba 1973 serikali ilitwaa mashamba makubwa ya wageni ikawapa wananchi, na wengi waliopewa walikuwa watu wakubwa wasiokaa hapa. Walikuwa na karatasi. Waliokuwa wakilima walikuwa na jembe tu. Kisha mwaka 1993 mapigano yalianza Ntoto, katika Walikale, yakaenea Masisi. Kisha vita vya 1996, na vya 1998, na vingine baadaye mpaka leo. Kila mara watu wamekimbia, na wengine wameingia walimotoka wenzao. Hivyo katika milima yetu nyumba moja yaweza kuwa na mtu aliyeijenga, mtu aliyeikalia, na mtu aliyeiuza, na hao ni watu watatu mbalimbali. Asiyeuliza habari ya nyumba kabla ya kununua anunua pamoja nayo magomvi yote yaliyolala chini yake, akawarithishe watoto wake.

Bei ya haki

Tuseme sasa kwamba auzaye ni mwenyewe kweli. Je, neno limekwisha? Bado. Mtu aliye mbioni, mtoto mgongoni, akiambiwa «Chukua kidogo hiki au ukose yote», atachukua. Atasema «Ndiyo» kwa kinywa chake mwenyewe. Lakini ni ndiyo ya namna gani?

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefundisha katika karne ya 13, alieleza kwamba kununua kitu kwa bei iliyo chini mno ya thamani yake ni udhalimu, kama vile kuuza kwa bei iliyopita kiasi. Na kwamba sheria ya watu haiadhibu kila dhuluma, bali sheria ya Mungu haiachi hata moja. Mtakatifu Agostino ametaja mtu aliyeletewa kitabu anunue. Muuzaji hakuijua thamani yake, akataka fedha kidogo. Mnunuzi angeweza kunyamaza na kwenda zake. Yeye alilipa bei ya haki, iliyo kubwa zaidi, na muuzaji akastaajabu. Naye Baba Mtakatifu Paulo wa Sita, mwaka 1967, alikumbusha fundisho la Leo wa Kumi na Tatu, kwamba wawili wakiwa hawalingani hata kidogo kwa nguvu, kukubaliana kwao peke yake hakutoshi kuyafanya mapatano kuwa ya haki.

Lakini tusimwonee mnunuzi naye. Nyumba isiyo na mabati si sawa na nyumba nzima, na gharama ya kuitengeneza ni halali kuondolewa katika bei. Tuseme nyumba nzima ingekuwa na thamani ya dola 800, na kuitengeneza kwahitaji dola 500. Basi bei ya dola 300 si wizi. Lakini bei ya dola 100, kwa kuwa tu mwenyewe yuko msituni na hana chakula, hiyo ni njaa yake iliyogeuzwa kuwa faida yangu.

Mabati mapya ni ya nani?

Swali la mwisho ndilo linalotia watu wengi hofu. Tuseme mwenyewe amerudi. Aikuta nyumba yake ina bati jipya, mlango mpya, msingi mpya. Je, atwae yote? Au mkaaji aseme: «Nimetengeneza, basi ni yangu»?

Walimu wa Kanisa hutofautisha watu wawili: mwenye kushika mali ya mwingine kwa nia njema, asijue, na mwenye kuishika hali anajua. Wa kwanza hana dhambi kwa siku alizokaa bila kujua. Nyumba hurudi kwa mwenyewe, lakini gharama zilizoiokoa nyumba isife zastahili kurudishwa kwa aliyezitoa, maana mwenyewe naye asijitajirishe kwa jasho la mwenziwe. Rangi na mapambo ni neno jingine. Hayo mtu aliyafanya kwa kujipendeza. Lakini angalieni: nia njema huharibika siku ile shaka ya kweli inapoingia moyoni. Tangu siku hiyo mtu amefungwa kuuliza. Akiziba masikio asijue, tayari anajua.

Basi nilimjibu yule mama: «Mpaka jana hamkukosa kama nilivyokosa mimi niliyepaswa kuuliza. Lakini tangu jana jioni mna deni, nami nina deni pamoja nanyi.»

Mwisho wa jambo

Tulituma neno kwa wachuuzi waendao upande wa Walikale. Kazi ilikuwa ndefu, kwa sababu vita vilifika Walikale mwezi wa Machi 2025, na yule mjane alikuwa amekimbia mara ya pili, akaingia msituni. Mwezi wa Agosti tukapata sauti yake kwa simu. Hakujua kwamba nyumba imeuzwa. Hakuuliza kwanza habari ya fedha. Aliuliza: «Kaburi lipo?»

Tulipomjibu kwamba lipo, na msalaba umesimamishwa, alilia, kisha tukaongea. Hakutaka kuuza. Alikubali jamaa ile ikae miaka mitano bila kulipa kodi, kwa ajili ya mabati na mbao walizotia. Akirudi kabla ya hapo, atawarudishia sehemu ya gharama, nao watajenga kwenye kipande cha chini cha kiwanja chake. Shemeji aliitwa mbele ya wazee. Fedha alikuwa ameila. Aliahidi kuirudisha kidogo kidogo. Mpaka leo amelipa mbuzi mmoja.

Hivyo jamaa ile haina nyumba yake. Ilitoa bei ya ng'ombe, ikapata ruhusa ya kukaa. Baba ameumia kwa ajili hiyo, wala sitamlaumu. Lakini mkewe aliniambia: «Mwalimu, sasa nalala usingizi.»

Tukaandika karatasi mbili zilizo sawa: moja ikabaki kwetu, nyingine ikapelekwa Walikale. Nabii Yeremia alifanya hivyo zamani. Yerusalemu ulikuwa umezungukwa na jeshi la Babeli, naye mwenyewe amefungwa, walakini alinunua shamba la Anathoti kwa Hanameli, mwana wa mjomba wake. Alipima fedha, shekeli 17, mbele ya mashahidi, na hati zikawekwa ndani ya chungu zipate kudumu. Alinunua wakati wa vita, lakini kwa mwenye haki, kwa bei iliyotajwa wazi, kwa hati zisizofichwa. Kununua kwa namna hiyo ni tumaini kwamba siku moja watu watarudi na kukaa tena.

Basi, wewe utakaye kununua, shika haya. Mtafute mwenyewe, au warithi wake wote, hasa mjane na yatima, usikubali ndugu mmoja awasemee. Waulize majirani ni nani aliyejenga na ni nani aliyekaa. Lipa bei ambayo ungeona haya kupunguziwa kama ungekuwa wewe muuzaji. Andika kila msumari, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Usiguse kaburi. Na wewe uitwaye kuwa shahidi, usitie sahihi kabla ya kuuliza swali nisilouliza mimi.

Wengi wetu hapa tumekimbia, na wengi wetu tumekaa katika nyumba za watu. Huenda leo, katika kijiji ulichokiacha, yuko mtu usiyemjua apigiliaye bati juu ya nyumba yako, na watoto wake wanakungojea wasinyeshewe. Ungependa afanye nini? Lile ungalolipenda kwake, ulifanye wewe hapo ulipo.