Kukusanya na Kuumba Upya

Jengo la Zahanati ya Zamani, linaloikabili bahari katika Barabara ya Mizingani, Mji Mkongwe wa Zanzibar, linafaa kupimia swali ambalo wanazuoni wa Kiislamu walilibishania walipozungumzia ufufuo: kilichoharibika kikirudi, ni kilekile au ni mfano wake tu? Ibn Sina alishikilia kwamba kilichotoweka kabisa hakirudi kikawa kilekile. Baadhi ya wanazuoni wa ilmu-l-kalam, yaani elimu ya kutetea itikadi kwa hoja, walijibu kwamba ufufuo ni kukusanya sehemu zilizotawanyika.

Tharia Topan, mfanyabiashara tajiri Mwismaili, ndiye aliyelianzisha jengo hilo mwaka 1887, akikusudia hospitali ya kuadhimisha miaka 50 ya utawala wa Malkia Victoria, akafariki mwaka 1891, miaka 3 kabla halijakamilika. Baadaye ghorofa ya chini ikawa zahanati na za juu makazi. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 likachakaa, hadi Taasisi ya Aga Khan ya Utamaduni ilipolikarabati katika miaka ya 1990 na kulifanya kituo cha utamaduni. Anayeutafuta utambulisho wa jengo hilo katika nia ya mwenye jengo hataupata, kwa kuwa nia imegeuka tena na tena.

Wala haumo katika mata, yaani vitu vilivyoliunda. Ukuta wa mawe ya matumbawe hupigwa lipu ya chokaa, ambayo hupitisha unyevu, huliwa taratibu na chumvi ya bahari, hukwanguliwa na kupakwa upya. Anayepaka saruji ili kazi isirudiwe huufungia unyevu ndani, na baada ya masika kadhaa lipu huvimba na kubanduka pamoja na uso wa jiwe. Ukuta wa namna hii huishi kwa kubadilishwa, mradi kilichobaki kiongoze kinachoongezwa: ubao wa zamani wa roshani uwe kipimo cha ubao mpya.

Hoja hii ni nzito zaidi mbele ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash wa Zanzibar la mwaka 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika ukarabati, na watu wakapoteza maisha. Jiwe lililookolewa kifusini na kurudishwa mahali pake limekusanywa. Nguzo itakayosubiwa upya imeumbwa, na ni haki iandikwe mwaka wake yenyewe.