Mume Akikataa Kupimwa



Tukinywa chai baada ya ibada, mara ngapi tumewauliza wanandoa wapya, "Haya, mtoto lini?" Nami nimeuliza. Siku moja dada niliyemuuliza aliweka kikombe mezani akatoka. Nilimkuta kituo cha basi, Warwick Road, analia. Ameniruhusu niandike haya bila jina lake.

Alikuwa amepimwa homoni, amepigwa ultrasaundi, mirija yake ya uzazi imeangaliwa. Amefunga na kuomba. Mumewe hajapimwa hata mara moja. Na kila Jumapili mama mkwe hupiga simu kutoka nyumbani, humuuliza yeye, si mwanawe.

Je, mume huyu ana kosa? Hajadanganya. Amenyamaza tu.

Kama muuguzi, nieleze kwanza. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2023 kwamba takriban mtu 1 kati ya 6 hupatwa na ugumba maishani. Kwa mwanamke, huenda yai halipevuki, au mirija imeziba, mara nyingine kwa klamidia isiyotibiwa. Kwa mwanaume, mbegu huwa chache, hazina mwendo, au hazitoki. Pengine tatizo liko kwa wote wawili, na pengine halionekani kabisa. Kupimwa kwa mwanaume hakuna sindano: anakaa siku 2 hadi 7 bila tendo la ndoa, anatoa manii kwenye chombo, maabara inahesabu.

Wengine husema, "Mimi nilizaa zamani." Hilo si kipimo cha leo. Maradhi, sigara na dawa za kujenga misuli huweza kuharibu mbegu baadaye.

Naielewa hofu. Kwetu mwanaume asiye na mtoto huambiwa hana jina. Lakini kama aibu hiyo ni nzito mno kwake, kwa nini aitwike kichwani mwa mkewe? Watu wakiuona ukimya wake, husema mke ndiye tasa. Naye anajua wanasema hivyo. Hapo ukimya umekuwa ushahidi wa uongo. Tena unaiba muda, kwa maana uwezo wa mwanamke kushika mimba hupungua kwa kasi zaidi baada ya miaka 35.

Kwenda hospitali si kukosa imani. Luka mwenyewe alikuwa tabibu. Hapa Uingereza, mkijaribu mwaka 1 bila mimba, nendeni kwa daktari wenu. Mke akiwa na miaka 36 au zaidi, msingoje. Nchi hii ndiko alikozaliwa Louise Brown, Oldham, mwaka 1978, mtoto wa kwanza duniani kwa upandikizaji wa mimba. Sisemi kila tiba hufaulu. Wapo watakaotibiwa wasipate, na ndoa yao ni ndoa kamili mbele za Mungu.

Elkana hakuweza kumpa Hana mtoto kwa nguvu zake, lakini walipanda Shilo pamoja. Ndugu zangu wanaume, pandeni pamoja. Simu ya Jumapili ikilia, ipokee wewe: "Mama, tunapimwa wote wawili. Niulize mimi."

Nasi wengine, kwenye chai, tuulize habari za kazi.

Mungu awabariki.