Jirani Ambaye Bado Haonekani



Hivi, naweza kumkosea mtu ambaye hata mama yake hajajua kwamba yupo?

Twende Mwakitolyo, kule Shinyanga. Wachimbaji wadogo wanasaga mawe kwenye karasha, wanaosha mchanga, wanaikamata dhahabu kwa zebaki, kisha wanachoma. Dhahabu inabaki, zebaki inaruka kama mvuke. Mvuke huo haunuki, na haumwingii mchomaji peke yake. Pembeni yupo mama ntilie, yupo na dada anayeosha marudio.

Tuseme dada huyo ana mimba ya siku tano. Hajui. Kiinitete bado ni seli chache tu, lakini zinafanya kazi. Zina pampu ndogo mno: kila mzunguko hutoa ioni 3 za sodiamu na kuingiza 2 za potasiamu. Sodiamu inayosukumwa katikati huvuta maji, na hapo hutokea nafasi ambayo bila hiyo mtoto haendelei. Zebaki hung'ang'ania protini, na inaweza kuzikwamisha pampu hizo. Mimba ikikua, hupita hata kwenye kondo. Kule Minamata, Japani, ugonjwa wa zebaki ulitambuliwa mwaka 1956. Wapo akina mama walioonekana wazima, lakini walizaa watoto wenye ubongo ulioumia.

Utaniuliza, "Sasa tusichome, tule nini?" Swali la haki. Anayechoma mara nyingi anatafuta ada ya mtoto wake. Ila Kanisa linatufundisha kwamba kutojua humwondolea lawama asiyeweza kujua, si yule aliyekwepa kujua. Papa Fransisko aliitaja zebaki ya dhahabu kwenye Laudato Si', mwaka 2015. Baada ya hapo, "sikujua" yetu inazidi kuwa nyepesi.

Jamani, vijana tunapaza sauti kupinga utoaji mimba, na ni sawa. Lakini mtoto huyu ni yule yule. Yohane aliruka kwa furaha tumboni mwa Elizabeti. Huyu wa Mwakitolyo bado hana hata miguu ya kurukia. Ndiyo maana anatutegemea zaidi.

Basi tuanze na dogo: tusichomee jikoni wala karibu na watu, tutumie retoti inayonasa mvuke, na tumwambie dada yetu ukweli kabla hajauliza.

Ee Bwana, tufundishe kumpenda jirani kabla hatujamwona. Amina.

Tafakari njema!