Kodi, Deni na Uaminifu

Mpangaji aliyelipa kodi kwa miaka kumi, pasi na kuchelewa hata mwezi mmoja, ana nini mkononi? Kwa hesabu ya benki, aghalabu hana kitu. Akitaka mkopo wa kununua nyumba huulizwa malipo ya awali, nayo hakuweza kuyaweka akiba kwa kuwa kodi ilikwisha kuyala. Hapo ndipo lilipo suali: je, uaminifu ni mali?

Huko Uingereza, mwezi wa Mei 2023, Skipton Building Society ilijibu kuwa ndiyo. Ilianza kutoa mkopo wa thamani yote ya nyumba kwa mpangaji asiye na akiba, maadamu athibitishe kuwa amelipa kodi kwa miezi 12 mfululizo, na rejesho la mwezi lisizidi wastani wa kodi ya miezi 6 ya mwisho.

Jibu hilo lina haki ndani yake. Muungwana ni vitendo, na kodi iliyolipwa ni kitendo kilichorudiwa mwezi baada ya mwezi. Akiba, kwa upande wake, si ushahidi wa tabia njema daima. Wapo waliopewa na wazee wao. Kumtanguliza mwenye cha kurithi mbele ya mpangaji mwaminifu ni kuutunza ukoo na kuusahau mwenendo.

Hata hivyo, kodi na deni si kitu kimoja. Paa likivuja, mpangaji humwita mwenye nyumba. Mnunuzi hana wa kumwita. Mpangaji akikosa kazi huweza kuhamia chumba cha bei nafuu. Mnunuzi huhama na deni lake. Katika nchi iyo hiyo, Northern Rock ilikuwa ikikopesha hadi asilimia 125 ya thamani ya nyumba. Kilichoiangusha benki hiyo mwaka 2007 ni kukauka kwa fedha ilizokuwa ikizikopa sokoni, na Februari 2008 serikali ikaitaifisha. Lakini bei za nyumba ziliposhuka, wapo wakopaji waliobaki na deni lililoipita nyumba yenyewe. Malipo ya awali, kumbe, humkinga na mkopaji pia.

Basi haitoshi kuuliza nani akopeshwe. Yafaa kuulizwa hasara itakuwa ya nani. Mafakihi wanao mkataba wa musharaka unaopungua: mwenye mtaji na mkaazi huinunua nyumba kwa shirika, mkaazi akailipia kodi sehemu isiyo yake huku akiinunua kidogo kidogo. Nyumba ikiharibika, kila mmoja hubeba hasara kwa kadiri ya hisa yake. Lakini mkataba ukimfunga mkaazi kununua kwa bei ya mwanzo liwalo lote, jina hubaki la shirika na mzigo ukawa wa deni.

Wakaazi wa Ng'ambo ya Unguja waliujua umiliki wa nusu. Wengi walikuwa na nyumba zao juu ya viwanja vya wengine, na mwaka 1928 waligoma kulipa kodi ya viwanja. Kuitwa mwenye nyumba hakukuwatosha.

Anayemkopesha mpangaji kwa kuuamini mwenendo wake naye anadaiwa mwenendo. Aya ya 280 ya Suratul Baqara inaagiza mdaiwa aliye katika dhiki apewe muda. Mkopeshaji anayeuhesabu uaminifu wa mpangaji siku ya kutia saini, akausahau siku ya dhiki, hajauthamini, ameutumia.